Heinkel 177: adui akiijaribu ndege yako, neno lake tulichukulieje?

Kuna picha moja ya Septemba 1944 ambayo mi huwa narudi kuiangalia kila mara. Lidege la Kijerumani la mabomu, Heinkel He 177, limepakwa mistari myeusi na myeupe ili marubani wa Washirika, yaani Waingereza na wenzao, wasije wakalitungua, na ubavuni wameandika kwa maherufi makubwa "Prise de Guerre", yaani nyara ya vita. Wapiganaji wa chinichini wa Ufaransa ndo waliokuwa nalo pale Toulouse-Blagnac Wajerumani walipotimua mbio, alafu Waingereza wakalirusha mpaka Farnborough, kwenye kituo chao cha majaribio ya ndege.

Pale Farnborough akapewa Eric Brown, rubani wa majaribio wa Uingereza. Huyu mzee si wa mchezo, mpaka anastaafu alikuwa kashaendesha aina 487 za ndege na hakuna aliyemfikia, na Kijerumani alikuwa anakimwaga vizuri tu. Na He 177 hakuipenda. Ndege yenye mabawa ya zaidi ya mita 31 toka ncha mpaka ncha, lakini usukani wa kuinua na kushusha pua mwepesi ajabu, ukiuvuta kwa nguvu unahisi kama unataka kuvunja kitu, yaani unaishika kama umebeba glasi. Na hiyo ndo ndege ambayo wakubwa wa Berlin walitaka itumbukie kichwa chini kudondosha bomu kama ndege ndogo za mbizi!

Sasa ubishi unaanzia hapo. Wapo wanaosema Brown ndo shahidi wa kuaminika kuliko wote kwa sababu hakuwa na bosi wa Kijerumani wa kumuogopa, na wala hakuwa na chuki na vitu vya Wajerumani, maana Me 262 ya jeti aliisifia wazi kabisa. Wengine wanasema we utaihukumuje ndege nzima kwa kuendesha moja uliyookota uwanjani, isiyo na spea, isiyo na fundi aliyeizoea, tena haina mzigo wa mabomu.

Tuanze na hao wa kwanza, maana wana hoja nzito. Wajerumani wenyewe walijua mapema. Siku ya kwanza kabisa kuruka, Novemba 1939, rubani Carl Francke alikaa hewani dakika 12 tu akarudi, injini zimechemka. Goering mwenyewe mwaka 1942 alifoka kuhusu "injini zilizochomelewa pamoja", na alikuwa sahihi ingawa ye ndo alikuwa mkuu wa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani. Ukiitazama unaona propela mbili ukadhani injini mbili, kumbe ni nne. Chukua injini mbili za Daimler-Benz, zilaze ubavu kwa ubavu, zifunge kwenye giaboksi moja, zizungushe propela moja. Eksozi za upande wa ndani zinabanana katikati zinawaka moto mwekundu, oili inavuja inakusanyika chini kwenye boneti, ukuta wa kuzuia moto hakuna, nafasi ya fundi kuingiza mkono ndo usiseme. Fundi yeyote wa gereji ukimchorea hiyo kitu atakwambia inaungua lini. Marubani wakaipa jina la kiberiti cha Luftwaffe. Usiku wa 13 Februari 1944 inasimuliwa kwamba zilitolewa 14 kwenda kupiga London, 13 zikapaa, nane zikarudi na injini zimechemka au zinawaka, nne tu ndo zikafika.

Lakini hebu ona upande wa pili. Majira ya joto 1944 kule mashariki, kwenye vita na Wasovieti, kikosi cha KG 1 kilikuwa kinazirusha makumi kwa makumi mchana kweupe, juu kama mita 6,000, na hasara yao ilikuwa ndogo. Injini zilikuwa zimerekebishwa, nao wafanyakazi wa ndege wamefundishwa kuzibembeleza, kilichowasimamisha mwishowe ni mafuta kuisha. Hayo Brown asingeweza kuyaona Farnborough, na sio kosa lake, kuendesha ndege saa kadhaa na kuiendesha vitani miezi ni vitu viwili.

Kuna na ndugu yake, He 274. Ilikuwa inajengwa Ufaransa kwenye kiwanda cha Farman huko Suresnes, ikiwa na injini nne kila moja na propela yake. Wafaransa waliimalizia wenyewe, wakairusha Desemba 1945 na kuitumia kwenye majaribio yao mpaka 1953. Ukoo uleule, shida ile ya injini haipo. Na Waingereza nao wasitucheke sana, ndege yao ya mabomu Avro Manchester ilikuwa na injini ya Vulture iliyozaliwa kwa wazo linalofanana, mitungi ya injini mbili kwenye krenki moja, nayo ikawatesa. Tofauti ni kwamba wao waliitoa haraka wakaweka injini nne za Merlin, ndo ikatoka Lancaster, zikatengenezwa zaidi ya 7,300. He 177 hazikufika hata 1,200. He 177B ya injini nne zilizotenganishwa ilipaa mwishoni mwa 1943, saa mbaya kabisa.

Kwa hiyo mi Brown namkubali kwenye usukani moja kwa moja. Mikono yake haikudanganya. Ila kwenye swali la kama ndege ilikuwa takataka, ripoti ya adui hainitoshi, kwa sababu aliyeiacha uwanjani hakuwa na sababu yoyote ya kukuachia kitu kizima. Mnaikumbuka Junkers 290, ndege nyingine ya Kijerumani iliyotekwa, ambayo Wamarekani waliibatiza "Alles Kaputt", yaani kila kitu kimeharibika? Kanali Harold Watson aliivusha Atlantiki Julai 1945 mpaka Ohio, watu wakapiga makofi, ikapigwa picha, ikachunguzwa. Mwisho wa 1946 wanaikata vyuma chakavu ndo wakakuta baruti imefichwa ndani ya bawa, muda wote ule ilikuwa humo.