Aleti kwenye briji: mgeni afundishwe lini?

Kuna walimu wa briji, ule mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, wanaosema mwanafunzi asisumbuliwe na mambo ya aleti (kuwajulisha wapinzani kwamba tamko la patna wako lina maana maalumu) mpaka azoee kuhesabu pointi, na wengine wanataka aanze nayo siku hiyohiyo anayofundishwa tamko lisilo la kawaida, yaani dau la kwenye mnada wa kabla ya kucheza lenye maana tofauti na linavyosikika. Mi niko na hawa wa pili, ila sio kwa kila kitu.

Wanaotaka kungoja hoja yao sio ndogo. Sheria za briji zinasema wapinzani wana haki ya kujua makubaliano yenu, hilo liko wazi, lakini namna ya kuwajulisha kila shirikisho lina utaratibu wake, na mezani anayetoa aleti ni patna wa aliyetamka wakati mtandaoni mara nyingi unajieleza mwenyewe. Mtu bado anasahau zamu yake, umpe na hayo yote? Atakimbia.

Lakini angalia transfa, yaani kutaja aina moja ya karata ukimaanisha nyingine. Patna kafungua mnada kwa 1 bila turufu, we unasema 2 uru maana yake una kopa 5 au zaidi. Nyie wawili mnajua, wapinzani wanadhani una uru, huo sio ujanja tena. Na Marekani au Uingereza patna anataja tu "kopa" kwa sauti, imeisha. Mwalimu aliyeweza kufundisha transfa yenyewe anashindwaje na hilo neno moja?

Sasa kasheshe: umesahau kabisa kama mnacheza transfa, 2 uru yako ilikuwa uru kweli, mara patna anasema "kopa" unashtuka. Wapo wanaoropoka "hapana, nina uru!", wengine wanajirekebisha kimyakimya kwenye tamko linalofuata, na yote mawili hayaruhusiwi. Patna kaeleza sawasawa, wapinzani wana haki ya makubaliano sio ya karata zako, na we unatakiwa uendelee kama hujasikia, akisema 2 kopa uichukulie kama ana kopa zake kweli. Hata wazoefu hii inawatoa jasho, kwa hiyo hiki kipande ndo ningekiacha baadaye, kikitokea mwamuzi aeleze kwa upole.

Kuuliza je? Hiyo mapema kabisa, maana wageni wanaona aibu. Subiri zamu yako, halafu muulize patna wa aliyetamka, sio aliyetamka.