Magari ya Zamani Yashindane, Hata Yakivunjika

Wapo wanaoamini kwamba gari la michezo lililoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia linastahili kuwekwa makumbusho, lipanguswe vumbi na kutazamwa. Mimi naona gari lililoundwa ili lishindane, likiacha kushindana, hubaki umbo tu. Ndiyo sababu nayathamini zaidi mashindano ya Vintage Sports-Car Club, klabu ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1934, ambamo wenye magari huyaendesha wenyewe bila kulipwa chochote, kuliko maonyesho yanayotuza rangi inayong'aa.

Mfano mzuri ni kilima cha Prescott, katika jimbo la Gloucestershire, kilichoanza kutumiwa kwa mashindano mwaka 1938. Njia yake inazidi kilomita moja kwa kiasi kidogo tu, na kila gari hupanda peke yake likipimwa muda. Hapo ndipo mtu huelewa Frazer Nash ya miaka ya 1920 ni gari la namna gani: halina difu (kifaa kinachoruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), kila gia ya mbele ina mnyororo wake, na magurudumu mawili ya nyuma huzunguka kwa kasi ileile hata kwenye kona kali, kiasi kwamba dereva hulazimika kuitelezesha sehemu ya nyuma kwa makusudi ili gari lipinde. Katika magari mengine ya enzi hiyo pedali ya mafuta iko kati ya klachi na breki, na kushusha gia hutaka klachi ikanyagwe mara mbili huku injini ikiongezwa mafuta katikati, ndipo meno yakubaliane. Ujuzi huo hausomeki kwenye kibao cha maelezo kilichobandikwa kando ya gari lililozimwa.

Hoja nzito ya wapinzani ni ya vipuri. Austin 7, gari dogo lililotoka mwaka 1922, lina krenkishafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) iliyoshikiliwa na beringi mbili tu, moja kila upande, nayo, injini inapozungushwa kwa kasi, hupinda na mwishowe huvunjika; kwa hiyo wanaoshindana leo hufunga mpya iliyo imara zaidi. Je, gari hilo bado ni la zamani? Kwangu ni la zamani, kwa kuwa hata wakati wake mafundi wa mashindano walikata bodi, wakabadilisha injini na kutupa kilichochakaa. Sivuki hapo, hata hivyo: Bugatti Type 35, gari la mashindano la miaka ya 1920, inayoundwa upya nchini Argentina, hata iwe nzuri namna gani, ni nakala, na itajwe hivyo mbele ya watazamaji.

Ajali zipo, na dereva anayekaa wazi katika gari ambalo halikuundwa na mikanda anajua anachokifanya. Kinachonitia hofu zaidi ni bei. Type 35 halisi, aina iliyozinduliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1924, inaweza kuuzwa zaidi ya pauni milioni moja, na mmiliki akishaihesabu kuwa akiba ya fedha huifungia. Kwa sababu hiyo, nafasi za kujiandikisha zikiwa chache, ningependa Austin 7 zitangulizwe, maana kijana mwenye mshahara wa kawaida bado anaweza kuinunua moja na kuitengeneza kwa mikono yake.