Mizani haijui mafuta na nyama

Nimesoma makala kuhusu uzito wa watoto wachanga; mwandishi wake anasema mtoto akizaliwa na kilo 4 tujue atakuwa bonge. Hapo amekimbia mno. Mtoto mzito huja pia na misuli na mifupa zaidi, na mizani haivitofautishi na mafuta.

Wangu wa pili alizaliwa na kilo 2.3. Mama mkwe hakukubali: uji wenye siagi asubuhi, mchana, jioni, na maziwa ya kopo juu yake, mpaka mstari kwenye kadi ya kliniki ukapanda kama ngazi. Majirani wote, “mashallah, ana afya!” Leo ana miaka saba, miguu kama njiti, kitambi kimetangulia.

Watafiti wa Pune, India, walilinganisha vichanga vyao, wastani wa kilo 2.7, na vya Southampton, Uingereza, kilo 3.5. Vya Pune vilikuwa na misuli midogo na tumbo dogo, lakini mafuta ya chini ya ngozi mgongoni hayakupungua kwa kiasi hicho.

Na hao wa kilo 4, mbona mwandishi hakuuliza kama mama alikuwa na kisukari cha mimba, kinachoweza kumfanya mtoto azaliwe mzito kwa mafuta? Makala nzima, hata mstari mmoja!