Acheni Kumcheka Anayejibu

Jumanne nilimwita ubaoni msichana mmoja wa kidato cha pili afanye mlinganyo: 3x − 7 = x + 5. Akaanza vizuri, mkono umetulia. Alipoivusha saba upande wa pili, akasahau kuibadilisha alama. Kosa ni hilo tu. Kabla sijasema neno, nyuma kikapasuka kicheko, "Keti, profesa!", na darasa zima likafuata. Mtoto wa watu akafuta kazi yote kwa kiganja, hata mstari uliokuwa sawa, akarudi kuketi na mkono wa sare umejaa chaki. Tangu siku hiyo nikiuliza swali naangaliwa tu. Hakuna kidole kinachoinuka.

Sikatai, hapa Lamu shida za shule ni nyingi. Madarasa yamejaa, kitabu kimoja wanakigombania watatu, wengine wametoka nyumbani na chai kavu. Lakini nimeshaona darasa la watoto hamsini likisoma kwa raha, na la ishirini likiwa kimya kama kaburi, na mwalimu ni mimi yule yule. Kilichotofautiana ni vile wanavyomtazama mwenzao anapokosea.

"Ndio watoto wa siku hizi, Mwalimu," wazazi huniambia. Si kweli. Alhamisi baada ya Alasiri nilikwenda kumchukua mwanangu chuo cha Kurani, huku Langoni, nikamkuta msichana yule yule mkekani, anasoma. Maalim alimsimamisha mara tatu kwenye aya moja kwa sababu ya herufi moja tu. Akarudia, akarudia tena, mpaka ikatoka. Kando yake walikuwa wawili kati ya wale waliomcheka, wameinamia misahafu yao, wanasubiri zamu. Hakucheka mtu! Chuoni wamelelewa wakijua kwamba kila asomaye husahihishwa, na zamu ya kila mmoja itafika. Basi adabu hiyo kwa nini haivuki nao asubuhi kuja shule?

Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, nami sitaki virudi. Ila kicheko kile kilimuumiza kuliko fimbo.

Na lawama nyingine ni yangu. Aliyeanza kucheka ndiye namba moja wa darasa, kijana ninayemwita "kichwa" mbele ya wenziwe. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti wao wa Marekani: watoto waliosifiwa kwa akili walipendelea kazi ambayo ingewaonyesha kuwa wana akili, na waliosifiwa kwa bidii wakapendelea ile ya kuwafunza jambo. Kijana wangu naye, nikikumbuka, hajawahi kuomba kwenda ubaoni kwa swali gumu. Nimeacha kumwita kichwa.

Jana nilikusanya madaftari. La yule msichana, ukurasa wa mwisho kabisa, mlinganyo ule ule umefanywa mpaka mwisho. Saba imebadilishwa alama. x = 6, kwa penseli, maandishi madogo hata nikalisogeza daftari dirishani ndipo nikayasoma.