Maharage yangu yanaivia kapuni

Mtaani kwetu Mbagala nyumba nyingi zina mtungi wa gesi wa kilo 6. Unachemshia chai, unakaangia yai, na wali ukiwa wa haraka unapikwa hapohapo. Ikifika zamu ya maharage, jiko la mkaa linarudi uani. Nawaelewa kabisa wanaofanya hivyo. Maharage hukaa motoni saa mbili na zaidi, na nani anataka mtungi umwishie katikati ya mwezi kwa sababu ya sufuria moja? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, ila naamini mkaa hautatoka uani mpaka kesi ya maharage iishe.

Kwangu imeishia kwenye kapu.

Watu wa zamani wanalijua, wanaliita jiko kapu. Maji yakishachemka, moto unaoendelea kuwaka chini ya sufuria unafidia joto linalopotea hewani, basi. Ukilizuia lisitoke, chakula kinaendelea kuiva bila moto. Langu ni la ukili, lilikatika mkono mmoja likawa halifai tena kwenda sokoni. Ndani nimetandika blanketi la mtoto, nikapanga vipande vya sponji alivyonipa fundi makochi, halafu nikafunika vyote kwa kanga na kushona kwa mkono. Hakikisha unene unafika vidole vinne, pande zote na chini. Juu yake kuna mto mnene: foronya niliyoijaza vipande vya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Nilichonunua ni uzi.

Sufuria zetu hazina mikono, kwa hiyo zinazama vizuri na kubanwa na nguo. Nalowesha nusu kilo ya maharage usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale na kuweka mengine, nayachemsha kwa nguvu dakika 20, kisha sufuria inaingia kapuni na mfuniko wake, mto unakaa juu. Kwa muda wa saa nne silifunui. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea hivyohivyo mara ya kwanza: kila nusu saa nachungulia, joto lote likaenda, jioni maharage yakawa bado yanagoma. Nikiyatoa nayarudisha motoni yachemke tena, ndipo naunga kitunguu, nyanya na tui.

Zile dakika 20 usizipunguze, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ambayo inataka mchemko wa nguvu ili iishe. Joto la kapu peke yake haliiwezi. Wala chakula kisilale kapuni hadi asubuhi, kwa sababu kikishakuwa vuguvugu ndipo kinapochacha.

Zamani mkaa wa ndoo moja nilikuwa naumaliza ndani ya wiki. Sasa sinunui. Mtungi nao unakaa karibu kama ulivyokaa kabla maharage hayajahamia kwenye gesi.

Kanga iliyomo ndani ya kapu lile niliinunua doti nzima, imeandikwa "Wema hauozi". Nilianza kwa kuivaa harusini, ikashuka ikawa ya kushindia, ikawa mbeleko ya watoto wangu wawili. Kipande kimoja kiliishia kwenye nepi na vishikio vya sufuria, cha pili ndicho kinachobeba chakula chetu leo. Mama yangu, mzaliwa wa Muheza, alinilea hivyo: nguo haitoki nyumbani mpaka ichanike hadi kwenye tambara la kudekia. Hakuna darasa aliloingia kujifunza, lakini ule ulikuwa ufundi, na unaniuma ninapousikia ukiitwa ushamba.

Jirani yangu alipoliona kapu aliniuliza kwa huruma, "Shoga, kwani hali imefika huko?" Swali lile nimelifikiria sana. Tumezoea kuona kwamba anayetumia kitu kilichochoka amefulia, na anayetupa ana uwezo. Tunachanganya kubana matumizi na ubahili. Bahili ana hela na watoto wanakula ugali na chumvi. Nyumba inayobana matumizi inakula maharage ya nazi, mchicha na samaki siku mbili kwa wiki, na ada inalipwa.

Siuungi mkono ule mtindo wa mitandaoni wa kununua rangi ya kupuliza, gundi na kamba za mapambo ili kurembesha chupa tupu. Ni pambo zuri kwa anayelitaka, lakini hapo hela imetoka.

Angalia sado tunayopimia viazi na nyanya sokoni. Kwa asili ni ndoo ndogo ya rangi, na leo ni kipimo kinachojulikana na kila mama. Mimi ndoo zilizopasuka nazipandia mchicha. Toboa matundu chini kwanza. Mimea yangu ya mwanzo ilioza kwa kukaa kwenye maji. Wiki tatu hadi nne unaanza kuchuma. Matembele nayaotesha kwenye viroba, na hayo hayataki malezi mengi. Ndoo iliyokuwa na rangi au dawa usiitilie maji ya kunywa wala unga, hata ukiisugua vipi.

Jikoni mengine ni madogo madogo. Wali ukibaki haulali mezani, unawekwa kwenye friji ukishapoa, asubuhi unapashwa hadi utoe mvuke na kuliwa na chai. Ugali wa jana nakata vipande na kuukaanga na kitunguu, watoto wanaugombania. Machicha ya nazi yanaliwa na kuku wa jirani, naye huniletea yai mojamoja.

Ni jirani yuleyule. Jumapili amekuja na kapu lake na blanketi lililoliwa na panya, tumekaa barazani tunashona. Sponji imetosha, imebaki kanga ya kuzungushia mto. Ameniahidi ataikata yake ya kijani, ila kwanza anataka kuivaa Idi hii.