Hodi Ukutani

Jamani, mimi nilitaka rafu moja tu. Ubao mmoja, vishikio viwili, skrubu nne. Sikuomba kujenga ghorofa.

Na mimi ni mwenye nyumba, tuelewane. Hati ninayo, nimeiweka kwenye droo ambayo siku za mvua huvimba haifunguki, kwa hiyo usalama wake wa uhakika. Asubuhi ya leo nimesimama sebuleni na pimamaji yangu mkononi kama mhandisi. Nikaiweka ukutani, kipovu kikakimbilia kushoto. Kwenye fremu ya mlango, kikakimbilia kulia. Sakafuni sisemi kitu. Sasa rafu unaipigia mstari kwa kufuata nini? Ukifuata pimamaji, inaonekana imepinda. Ukifuata dari, vitabu vinaserereka. Nikaamua kufuata jicho, na jicho ndilo lililoniponza, lakini subirini.

Walioniuzia walisema nyumba ina historia. Historia yenyewe sasa ninaibandua tabaka kwa tabaka. Nyaya za umeme zimevalishwa kitambaa, waya wa ardhi hakuna. Fundi alifungua soketi moja, akaifunga taratibu, akaniuliza kama nina bima. Mabomba ni ya chuma, kutu imejaa ndani hadi njia ya maji iliyobaki ni ya kupita penseli, tunaoga kwa zamu na kwa dua. Milango usiiguse na msasa mkavu, maana rangi za enzi zile zilitiwa madini ya risasi, Marekani kwenyewe zilikuja kupigwa marufuku majumbani mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Basi mlango mmoja naukwangua ukiwa umelowa, barakoa usoni, wiki nzima, kama ninategua bomu.

Tuyaache. Kekee.

Tundu la kwanza nikakutana na tofali, likagoma, ikatoka harufu ya kuungua na heshima yangu. Nikasogea kidogo, nikaangukia kwenye ungio. Wenye nyumba za zamani mnajua: kati ya tofali na tofali mle hakuna saruji, ni chokaa na mchanga, na chokaa iliyochoka inatoka kama majivu. Kekee ikaenda. Ikazidi kwenda. Mpaka shavu langu likagusa ukuta. Nilipoichomoa, ukutani kukabaki mwanga.

Ukuta wa kati wa nyumba ya safu, yaani ule tunaochangia na jirani, ambao miaka yote nauita ngome, kumbe ni unene wa tofali moja lililolazwa kwa urefu. Sentimita 11 na lipu.

Nikachungulia. Nikaona maua ya kochi. Maua yakasogea, likaja jicho.

"Hodi huwa inabishwa mlangoni," jicho likasema.

Nikajikuta nimeficha kekee mgongoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenijaza vumbi kwenye miwani."

"Samahani sana mama, naziba sasa hivi. Saruji ninayo hapa."

Jicho likaondoka, ikaja midomo. "Saruji? Saruji unampelekea nani? Aliyekaa humo kabla yako aliupiga ukuta huu lipu ya saruji upande wenu wote. Unyevu unapanda kutoka chini, kwenu umefungiwa njia, unatokea wapi? Kwangu! Chumvi yote hii nyuma ya kabati langu ni yenu."

"Lakini mama, saruji ndiyo ngumu zaidi."

"Ndiyo ubaya wake. Tofali laini ukilibana kwa kitu kigumu kulishinda, kitakachopasuka ni tofali. Chokaa, mwanangu. Chokaa."

Nimeleta mafundi watatu humu ndani, mmoja ana cheti kwenye fremu, hakuna aliyeniambia hivyo. Tangu mwashi wa Leeds, Joseph Aspdin, aiandikishe saruji ya Portland mwaka 1824, dawa ya kila ugonjwa wa ukuta imekuwa moja, na mgonjwa hajaulizwa. Nimekuja kuelimishwa na tundu la milimita 8.

Nikashukuru, nikataka kuaga. Midomo haikutaka.

"Na bafu utalimaliza lini? Mkeo ulimwambia Jumatatu."

"Mama, umesikiaje?"

"Ukuta umeutoboa leo, mwanangu. Mimi sikuwa nangoja utobolewe."

Kisha, kwa sauti ya daktari, akaingia kwenye suala la kukoroma kwangu. Saa ninapoanza. Ninapobadili upande. Kuna mlio fulani wa alfajiri anadhani ni bomba, mimi pia nikamwambia ni bomba.

Mke wangu akatokea jikoni. "Unaongea na nani?"

"Na ukuta."

"Mama, shikamoo!" akaliendea tundu kwa furaha. Wakaanza. Nikasimama pembeni na kekee yangu kama mlinzi wa benki, nikisikiliza bafu langu likijadiliwa, mafundi wangu wakijadiliwa, hadi ule mlango ninaoukwangua. Tundu ni langu! Kekee yangu, ukuta nusu wangu, deni lote langu, halafu natakiwa nisogee kwa sababu nazuia mwanga!

Uamuzi ukapita bila mimi. Iletwe chokaa. Chokaa yenyewe haigandi upesi kama saruji, inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na mwanzoni inataka kunyunyiziwa maji isije ikakauka kwa pupa. Kwa hiyo nitakuwa nanyunyizia tundu. Asubuhi na jioni. Mtu mzima.

Kwa sasa nimeliziba kwa soksi, na upande wa pili naona naye ameweka kitu, maana soksi ilirudi kidogo. Rafu imelala sakafuni, yaani imeserereka hadi kwenye kona.

Na mawingu haya siyapendi. Mfereji wa paa ni wetu sote, ila mteremko wake umenichagua mimi. "Mwanangu," soksi imesema sasa hivi, "toa ndoo." Ndoo ya kijani ndiyo ya ngazini. Ya bluu inafaa zaidi lakini mpini umekatika, na aliyeukata humu ndani anajulikana, sitaji jina, ukuta huu unasikia.