Kitambulisho kwenye mlango wa tovuti za ngono

Wanaopinga sheria za kuhakiki umri mtandaoni huonekana mawakili wa ponografia, ndiyo maana hoja yao haisikilizwi hadi mwisho. Hakuna anayedai mtoto wa miaka 12 aachwe atazame. Wanachouliza ni hiki: mtu mzima, anayeruhusiwa na sheria kutazama, anaacha nini mlangoni?

Watetezi wa sheria hizi nao wana hoja. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani iliona programu za kuchuja maudhui kuwa njia bora ya kuwakinga watoto, lakini siku hizo watoto hawakutembea na intaneti mfukoni. Juni 2025 mahakama hiyohiyo, majaji 6 kwa 3, iliiona halali sheria ya Texas, HB 1181, inayozitaka tovuti za ngono kuhakiki umri wa wageni wake, ikisema usumbufu kwa watu wazima ni wa pembeni tu.

Wa pembeni? Dukani muuzaji hutupia kitambulisho jicho akakirudisha. Mtandaoni nakala yake hubaki kwa mtu usiyemjua. HB 1181 inakataza kuihifadhi, sawa, lakini mwenye kitambulisho hana namna ya kukagua kama kweli imefutwa. Yaliyoikuta Discord, mtandao wa kupiga soga, Oktoba 2025 yanatosha kuonyesha hatari: picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda ziliangukia mikononi mwa wadukuzi, kupitia kampuni ya nje iliyopokea rufaa za waliokataliwa kwa sababu ya umri. Rufaa hazikwepeki. Mashine inayokadiria umri kwa sura huyumba zaidi kwa walio karibu na miaka 18, na aliyekataliwa mara nyingi hutakiwa kutuma kitambulisho. Kwa hiyo hata mfumo unaojinadi kuwa hauhitaji vitambulisho huishia kuvikusanya, tena kwenye dawati la huduma kwa wateja, ambako ulinzi ni hafifu. Mtu akishajua hilo huacha kutazama, bila yeyote kumkataza.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Texas inaibana tovuti ambayo zaidi ya theluthi moja ya maudhui yake yana madhara kwa watoto. Yenye asilimia 30 inapita. Yenye 35 inadai kitambulisho hata kwa anayefuata zile 65 zilizobaki. Nchini Uingereza, ukaguzi ulipoanza Julai 25, 2025, VPN, programu zinazoficha mtumiaji yuko nchi gani, zilipanda juu kwenye orodha za programu zinazopakuliwa, na kijana mjanja hakushindwa kuipakua.

Ufaransa imeonyesha kwamba njia ipo: mdhibiti wake, Arcom, anataka tovuti itoe angalau njia moja ambayo mhakiki hajui unaingia tovuti gani, na tovuti haijui wewe ni nani. HB 1181 haina sharti hilo.